Kano zilizokatika na swali lililobadilishwa: uchambuzi wa kisa cha mpasuaji mtafiti magharibi mwa Kenya

Kisa na mipaka yake

Daktari anayezungumziwa hapa, ambaye nitamwita Daktari A., ni mpasuaji wa mifupa aliyerudi kufanya kazi katika hospitali ya rufaa ya kaunti moja magharibi mwa Kenya akiwa na nia ya kujenga taaluma ya utafiti kuhusu majeraha ya mkono, kuanzia begani hadi ncha za vidole. Jina la hospitali, kaunti, miaka ya matukio na washirika wote yameondolewa, na maelezo ya wagonjwa yamechanganywa ili asitambulike mtu yeyote. Mfuatano wa maamuzi umeachwa kama ulivyokuwa, kwa sababu ndiyo sehemu yenye mafunzo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosoma mapendekezo yake ya utafiti na kuyatolea maoni, kwa hiyo baadhi ya hukumu zilizomo humu ni zangu wala si zake.

Usuli

Ukanda wa miwa unaotoka Muhoroni na Chemelil kuelekea Kakamega na Bungoma una vinu vidogo vya sukari guru ambamo mfanyakazi huingiza miwa kwa mkono kati ya rola za chuma zinazozunguka, na rola hizo zikinasa glavu au mkono wa shati huvuta na kuponda kila kilichomo kabla mwenzake hajaizima injini. Msimu wa mavuno huleta mashine za kupukuchua mahindi, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wana mashine za kukata nyasi, ufuoni mwa Ziwa Victoria kuna visu vya kupasulia samaki, na mwaka mzima kuna panga na boda boda.

Pamoja na wingi huo, jeraha la mkono halina uzito hospitalini, kwa kuwa halimuui mtu usiku huo huo. Orodha ya chumba cha upasuaji hujazwa na mapaja na miundi iliyovunjika barabarani, nacho kidole kilichokatwa hushonwa ngozi katika idara ya dharura, mgonjwa akadungwa sindano ya pepopunda, akapewa vidonge vya maumivu na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki kadhaa baadaye kidonda kimefunga vizuri lakini kidole hakikunjiki, kwa sababu kano, yaani uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa, iliyokatika chini ya ngozi haikuonekana na ncha yake imekwisha kurudi kiganjani. Kazi ambayo ingekuwa mshono wa siku za kwanza sasa inahitaji kano ya kupandikizwa, mara nyingi kwa upasuaji wa hatua mbili, au mgonjwa anashauriwa aishi na kidole kilichokakamaa.

Kilichomvutia Daktari A. zaidi ni sehemu ambayo wapasuaji huiita eneo la pili, yaani kutoka mkunjo wa mbele wa kiganja hadi katikati ya mfupa wa pili wa kidole, ambamo kano mbili za kukunja kidole hupita pamoja ndani ya ala moja nyembamba. Sterling Bunnell, aliyeweka misingi ya upasuaji wa mkono nchini Marekani, alishauri kano zilizokatika hapo zisishonwe mara moja, kwa kuwa hugandamana na ala na kidole hukakamaa. Katika miaka ya 1960 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville walionyesha kwamba mshono wa mapema hufaulu iwapo kidole kitaanza kusogezwa mapema kikiwa ndani ya banzi, yaani kifaa kigumu cha kuushikilia mkono. Tangu hapo ubishi mwingi umehamia kwenye mazoezi: kidole kisogezwe lini, na kwa nguvu gani, ili kano isigande na wala isikatike.

Mpango wa kwanza

Pendekezo lake la kwanza lilikuwa jaribio la nasibu. Wagonjwa walioshonwa kano katika eneo la pili wangegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili: kundi moja lingerudishiwa kidole kiganjani kwa mpira uliofungwa kwenye banzi, kwa njia ya Kleinert, na kundi la pili lingekunja vidole kwa nguvu zake lenyewe, kidogokidogo, chini ya uangalizi. Matokeo yangepimwa wiki 12 baada ya upasuaji kwa kipimo cha Strickland, ambacho hujumlisha nyuzi za kukunjika kwa viungo viwili vya mbele vya kidole, hutoa nyuzi ambazo viungo hivyo vimeshindwa kunyooka, kisha huigawanya hesabu hiyo kwa 175. Kamati ya maadili ya utafiti ililipitisha pendekezo, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti nchini Kenya, kikatoka, na chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kikakubali kugharimia.

Ugumu ulijitokeza mapema. Wagonjwa wengi walifika wakiwa wamechelewa mno kuingizwa kwenye jaribio. Plastiki maalumu ya kutengenezea mabanzi, ile inayolainishwa kwa maji ya moto, iliisha, ikabidi mabanzi yatengenezwe kwa plasta ambayo huchakaa na kulegea. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyefundishwa njia zote mbili alikuwa mmoja, naye alikuwa na wodi nyingine za kuhudumia. Hayo yote yangeweza kutatuliwa kwa fedha na subira. Lililoshindikana ni wiki ya 12 yenyewe. Kano iliyoshonwa hulindwa kwa takriban wiki 6 na haifai kubeba kazi nzito kabla ya wiki 12, ilhali mtu anayelipwa kwa kiasi cha miwa aliyokata hawezi kukaa miezi mitatu bila kipato na bado akapata nauli ya kurudi kliniki kila wiki.

Mkulima mmoja, aliyekatwa kano za kidole cha kati na cha pete, alirudi wiki ya tano akiwa amebeba banzi lake ndani ya mfuko wa sukari. Alikuwa amelikata kwa kisu kando kando, kwa uangalifu, ili lisiharibike kabisa endapo daktari angelihitaji tena. Alipoulizwa sababu alisema, "Daktari, nisingepanda wiki ile, ningekuwa nanunua mahindi mpaka mwakani." Kidole cha pete kilikuwa kimekufa ganzi na kano yake imekatika upya, cha kati kilikuwa kinakunjika kuliko vidole vya wagonjwa kadhaa waliofuata masharti yote. Daktari A. aliyaandika yote mawili kwenye faili, kisha akamwomba mzee huyo ruhusa ya kulibakiza banzi.

Uamuzi wa kusimamisha jaribio

Njia zilizokuwepo zilikuwa tatu: kuongeza muda na wafanyakazi, kuhamishia jaribio Nairobi ambako wagonjwa wengi huishi karibu na hospitali, au kubadilisha swali. Washirika wa ng'ambo walipendelea ya kwanza, na kwa wagonjwa ambao hawakurudi walipendekeza matokeo yakadiriwe kwa hesabu kutokana na waliorudi.

Daktari A. alilikataa pendekezo hilo la hesabu, na hoja yake ndiyo iliyonishawishi kwamba tulikuwa na mtafiti mbele yetu. Alieleza kwamba mgonjwa asiyerudi anaweza kuwa yule ambaye kano yake imekatika akakata tamaa, au yule ambaye kidole chake kinafanya kazi vizuri hata haoni sababu ya kupoteza siku nzima kwenye foleni. Makundi hayo mawili yana matokeo yaliyo kinyume kabisa, nayo yote yanaacha nafasi tupu ile ile kwenye jedwali. Hakuna hesabu inayoweza kuyatenganisha kwa kutumia data za waliorudi peke yao. Kuhusu Nairobi, alisema jibu litakalopatikana huko litakuwa la wagonjwa wa Nairobi.

Aliacha kuingiza wagonjwa wapya, akaiandikia kamati ya maadili kuieleza sababu, akaendelea kuwatibu waliokwisha kuingizwa hadi mwisho wa matibabu yao, na fedha zilizobaki zikarudishwa. Swali jipya lilikuwa la chini zaidi kwa hadhi: kati ya majeraha ya mkono yanayoshonwa katika idara ya dharura, ni mangapi yana kano au neva iliyokatika ambayo haikuandikwa popote, na ni saa ngapi hupita kati ya ajali na macho ya mpasuaji? Karibu kila kilichohitajika kulijibu kingeweza kupatikana usiku wa kwanza, mgonjwa akiwa bado kitandani.

Fomu ya ukurasa mmoja

Fomu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, na ilirudi tupu. Afisa wa kliniki wa zamu ya usiku alimwambia bila kuficha, "Daktari, hii karatasi yako inataka niache kuzuia damu niandike kiwango cha elimu cha mgonjwa." Maneno hayo yalifanya kazi ambayo kamati tatu hazikuifanya. Fomu ilipunguzwa ikawa ukurasa mmoja, na Daktari A. alikaa zamu kadhaa za usiku katika idara hiyo akiangalia ni kipi kinaandikwa, na kwa mpangilio upi, na mtu ambaye mkono wake mmoja umeshika pamba.

Fomu iliyobaki iliuliza saa ya ajali na saa ya kufika, kituo cha kwanza alichopitia mgonjwa, mkono anaoutumia zaidi, na kitu kilichomjeruhi. Chini yake kulikuwa na mchoro wa mkono wa kuwekea alama mahali palipokatwa, kisha vipimo ambavyo vilipaswa kufanywa kabla ya sindano ya ganzi, si baada yake. Ili kuijaribu kano ya juu, mpimaji hushikilia vidole vingine vikiwa vimenyooka na kumwomba mgonjwa akunje kidole kilichojeruhiwa kwenye kiungo cha kati. Ili kuijaribu kano ya ndani, hushikilia kiungo cha kati kisijikunje na kumwomba mgonjwa akunje ncha. Hisia hujaribiwa kila upande wa kidole peke yake, kwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa na kupindwa ili ncha zake mbili ziachane kwa milimita 5 au 6. Kwa mtoto anayelia, au mlevi asiyefuata maelekezo, kifundo cha mkono huinuliwa taratibu kuelekea nyuma na mpimaji akatazama iwapo vidole vinajikunja vyenyewe kwa mpangilio. Kidole kinachobaki kimenyooka katikati ya wenzake kina kano iliyokatika mpaka ithibitike vinginevyo.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mafunzo ya mwaka wa tatu wa udaktari. Ni kweli, na hapo ndipo penye uzito wa fomu ile, kwani iliwafanya watu watekeleze wanachokijua kwa sababu mstari ulikuwa unawasubiri. Kitaalamu lakini hilo lilileta tatizo ambalo msomaji makini atakuwa ameliona: chombo cha kupima kilikuwa kinabadilisha kile kinachopimwa. Idadi ya kano zilizokatika bila kugunduliwa ilianza kupungua tangu fomu ilipowekwa mezani, kwa hiyo hali ya awali isingeweza kujulikana kwa kwenda mbele tu. Daktari A. alilazimika kurudi kwenye mafaili ya zamani ya wagonjwa waliokuja na vidole vilivyokakamaa, na kutafuta humo kama kuna mtu aliyeandika lolote kuhusu kano siku ya kwanza.

Ganzi yenye adrenalini

Kugundua kano zilizokatika kulizaa foleni mpya, maana hakukuwa na nafasi kwenye orodha ya upasuaji wala mtaalamu wa nusukaputi wa kutosha. Daktari A. aliamua kuanza kushona kano kwa lidokeini, dawa ya ganzi, iliyochanganywa na adrenalini inayobana mishipa ya damu, bila kamba ya kubana damu mkononi na bila kumlaza mgonjwa usingizi, katika chumba kidogo cha upasuaji.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba adrenalini haiingizwi kidoleni kamwe, la sivyo kidole kitakufa. Asili ya katazo hilo inaelekea zaidi kwenye prokeini, dawa ya ganzi ya zamani, ambayo ikikaa sana hugeuka tindikali kali. Mwaka 2005 Donald Lalonde na wenzake nchini Canada walichapisha taarifa ya wagonjwa 3,110 waliodungwa adrenalini vidoleni na mikononi, na hakuna hata mmoja aliyepoteza nyama ya kidole. Njia hiyo ina faida nyingine ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko kuokoa gharama: mgonjwa akiwa macho huombwa akunje kidole kabla ngozi haijafungwa, na mpasuaji akaona iwapo mshono unafunguka au unakwama kwenye ala.

Hata hivyo alichelewesha kuanza kwa miezi kadhaa akisubiri fentolamini, dawa inayoondoa athari ya adrenalini, iwepo hospitalini, ijapokuwa katika wagonjwa wale 3,110 haikuhitajika hata mara moja. Baadhi ya wenzake waliona ni woga. Mimi naona alikuwa sahihi, kwa sababu kidole kimoja cheusi katika mwezi wa kwanza kingeifunga njia hiyo hospitalini kwa muda mrefu, haidhuru chanzo chake kingekuwa nini. Wenye mzunguko duni wa damu vidoleni aliwaacha nje tangu mwanzo.

Majina ya waandishi

Rasimu ya makala ya kwanza ilitoka ng'ambo ikiwa na jina la Daktari A. katikati ya orodha na bila jina la afisa yeyote wa kliniki. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne kwa mwandishi: mchango mkubwa katika kazi, kushiriki kuandika au kuhariri, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika. Daktari A. aliyachukua masharti hayo, akawapa maafisa wawili waliosaidia kuunda fomu nafasi ya kusoma na kusahihisha rasimu ili wayatimize yote, kisha akaomba orodha ipangwe upya. Ilipangwa. Makubaliano yaliyofuata na washirika hao yaliandikwa kabla data haijakusanywa.

Matokeo

Rejista iliyotokana na fomu hizo, pamoja na mafaili yaliyopitiwa, ilionyesha kwamba mafaili mengi ya zamani hayakuwa na neno lolote kuhusu kano au neva, na kwamba muda mwingi haukupotea kati ya nyumbani na kituo cha kwanza cha afya, kama wote tulivyodhani, bali kati ya kituo hicho na hospitali ya rufaa. Ugunduzi huo wa pili ulihamisha mafunzo kutoka hospitalini kwenda kwenye zahanati na vituo vya afya, ambako ukurasa ule ule sasa hutumika kama barua ya rufaa. Makala zilichapishwa, na madaktari walio kwenye mafunzo wakaanza kuja kwake kutafuta maswali yao.

Ufuatiliaji uliboreka kwa njia isiyotarajiwa. Badala ya kumwita mgonjwa, Daktari A. alimwomba atume picha mbili kwa simu, ya kiganja kikiwa kimefunguliwa kikamilifu na ya ngumi ikitazamwa kutoka ubavuni, hata kama simu ni ya kijana wa jirani. Kamati ya maadili iliuliza, kwa haki kabisa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha hizo zinakaa kwenye simu ya nani, na kazi ikasimama hadi ilipopatikana simu ya idara na utaratibu wa kuzihamisha na kuzifuta.

Kilichofaulu na kilichoshindikana

Kilichofaulu zaidi ni kulifanya swali lilingane na mahali ambapo mgonjwa yupo kweli. Hilo lina bei yake, nayo isifichwe: rejista inajua mengi kuhusu usiku wa kwanza na machache sana kuhusu mwezi wa sita. Picha ya ngumi inaonyesha umbali kati ya ncha ya kidole na kiganja, lakini haionyeshi nguvu, wala haisemi kama mtu amerudi kwenye miwa au ameuza ng'ombe. Anayeisoma kazi ya Daktari A. kama utafiti wa matokeo ya upasuaji wa kano anaisoma vibaya, na kwa bahati mbaya wapo wanaoinukuu hivyo.

Kinga ilishindikana. Daktari A. aliwatembelea wenye vinu vya sukari guru akiwa na picha na mfano wa kizuizi cha chuma cha kuwekwa mbele ya rola. Walimpokea vizuri, wakamkaribisha chai, na vizuizi vichache vilivyowekwa vikaondolewa kwa sababu vilipunguza kasi ya kuingiza miwa. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali, lakini vibarua wengi wa vinu hivyo hawana karatasi yoyote inayoonyesha kwamba wameajiriwa. Naona kosa la mbinu hapo lilikuwa kumpelekea mwenye kinu hoja ya daktari, wakati hesabu yake yeye ni ya tani kwa siku. Kizuizi kisichopunguza kasi ni kazi ya fundi, na hakuna fundi aliyehusishwa.

Rejista pia ilitegemea mno watu wachache. Mgomo wa kitaifa wa madaktari uliodumu siku 100 na kumalizika Machi 2017 ulikuwa umeshatuonyesha sote jinsi data za hospitali za umma zinavyokatika ghafla, lakini mpango wa Daktari A. haukueleza nani ataijaza fomu zamu zikivurugika. Afisa aliyekuwa nguzo yake alipohamishiwa kaunti ndogo nyingine, fomu za miezi miwili zilikuja zikiwa na saa ya kufika bila saa ya ajali, nazo hazikutumika. Sasa jukumu hilo limeandikwa kwa jina la zamu, si la mtu, na ukaguzi hufanywa kila Ijumaa.

Swali la mazoezi ya kano, lile la mwanzo kabisa, bado halina jibu linalotokana na wagonjwa wa eneo hili. Daktari mmoja aliye kwenye mafunzo amelirudia kwa mpango mpya: mshono wa nyuzi nne unaovumilia kukunja mapema, picha za simu kila wiki, na ziara moja tu ya hospitali katika wiki ya 6. Kamati ya maadili imemrudishia pendekezo hilo ikimtaka aeleze nani atalipa nauli ya ziara hiyo moja, na mgonjwa atakula nini hadi wiki ya 12.